Maporomoko Nyuma ya Nyumba ya Kaka

Kaka yangu mkubwa aliacha kupiga simu mwaka ule ngamia wa nyumbani walipoisha. Kabla ya hapo alipiga kila Ijumaa baada ya sala, kutoka kijiji kimoja cha kaskazini mwa Norwei alikokuwa ameishi miaka mingi akifanya kazi katika kiwanda cha samaki. Alianza na mama kule Griftu, Wajir, kisha akanipigia mimi Garissa, ninakofundisha Kiswahili katika shule ya wasichana. Sote wawili alituuliza maswali yale yale. Mvua imeonekana? Malisho yako upande gani? Yule jike mweupe amezaa? Aliuliza kwa haraka na kwa undani, kama mchungaji aliyetoka kidogo kwenda dukani na ambaye atarudi kundini kabla ya magharibi.

Na kweli kundi lile lilikuwa lake. Baba alipofariki, kaka akiwa bado kijana, ndiye aliyelishika, na kwa maziwa ya ngamia wale nikakua, nikasoma. Alipoondoka nchini alimwachia binamu yetu fimbo, lakini uamuzi wote ulibaki mikononi mwake. Wahame lini, wanyweshwe kisima gani, dume gani auzwe: binamu alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na kaka akaamua kutoka huko kwenye theluji.

Kisha mvua zikakataa. Msimu ukapita, na mwingine, na mwingine tena. Kisima cha jenereta kilikuwa kikitoa maji kidogo yenye chumvi, halafu tope. Ng'ombe walitangulia, wakafuata mbuzi, na mwishowe ngamia nao wakaanza kukonda mpaka nundu zikalala upande. Kaka alituma kila alichokuwa nacho. Maji yakaja kwa lori, nyasi zikaja kwa lori, na bado.

Asubuhi moja akampigia binamu akiwa na furaha ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. Simu yake ilikuwa imemwonyesha ramani ya mawingu, na kwenye ramani hiyo kulikuwa na doa la buluu juu ya Eldas, safari ya siku kadhaa kwa miguu.

"Mvua inanyesha Eldas sasa hivi ninapoongea," alisema. "Wahamishe leo."

Binamu akamwambia wanyama hawana nguvu ya safari. Kaka akajibu kwamba wakikaa watakufa tu, wakienda huenda wakafika. Mama alikuwa amesimama pale akisikiliza. Akasema mwanawe asikilizwe. Wakahama.

Walipofika Eldas ardhi ilikuwa kavu kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Watu wa huko walisema mawingu waliyaona, hata umeme waliuona, halafu upepo ukayabeba yote. Njiani wakati wa kurudi, ngamia wakaanza kulala. Ngamia ana kelele. Ukimwamsha analalamika, ukimbebesha mzigo analalamika. Hawa, binamu aliniambia, walipiga magoti kimya kimya na kutazama mbele. Waliofika nyumbani walikuwa wachache mno kuitwa kundi, na hao nao hawakumaliza mwezi.

Mama hakumlaumu mwanawe. Alisema tu, "Ilikuwa mvua ya simu," akaingia ndani. Lakini binamu, kwa kutofikiri, alikuwa amepiga video ile njia nzima na kumtumia kaka. Ijumaa iliyofuata simu haikulia.

Ilipita karibu mwaka. Tulimpigia, ikaita bila kupokelewa, kisha ikaacha hata kuita. Halafu siku moja, nikiwa katika chumba cha walimu, nilipigiwa na namba ngeni. Alikuwa mwanamke mzee mwenye Kiingereza cha taratibu. Alisema yeye ni jirani wa kaka yangu, mjane, anafuga kondoo. Zamani kaka alikuwa akimsaidia majira ya kuzalisha kondoo. Alikuwa na mkono mzuri, alisema, hajawahi kuona mgeni aliyewajua wanyama hivyo. Sasa hatoki. Kazi ameacha. Daktari humtembelea, lakini kaka humtazama tu.

"Madaktari wetu ni wazuri," alisema. "Lakini nadhani anahitaji mtu anayejua alikotoka. Unaweza kuja?"

Mwanamke yule ndiye aliyenifanyia mipango ya kunialika. Nyumbani, adeer, mdogo wake baba, alisema haifai mwanamke kusafiri peke yake hadi nchi kama ile. Mama akamwambia, "Basi nenda wewe." Kisha mama akanigeukia mimi.

"Umlete," alisema. "Sitaki kingine. Umlete aje akae hapa, hata akikaa bure."

Nilisafiri likizo ya Agosti. Sikuwa nimewahi kutoka Kenya. Ndege ya mwisho ilikuwa ndogo, ikatushusha katika uwanja uliokuwa kati ya bahari na mlima, na kutoka hapo nikapanda basi lililofuata ufuo wa maji marefu na membamba, mkono wa bahari ulioingia ndani ya milima kama mto usiokwenda popote. Maji yalikuwa ya kijani iliyokolea na hayakuwa na wimbi. Milima ilisimama ndani yake kichwa chini. Kila baada ya kona, maji yalianguka kutoka juu ya majabali, meupe, marefu, kama vilemba vilivyofunguliwa na kuachwa vining'inie. Abiria wenzangu hawakutazama. Mmoja alikuwa akifuma soksi.

Nilitaka kufurahi. Nakumbuka nilijiambia, tazama, umefika mahali ambapo watu huona kwenye kalenda tu. Lakini nilikuwa nimetoka Griftu juma moja tu kabla, na macho yangu yalikuwa bado huko. Na kimya cha pale kilinitisha. Kwetu kimya ni habari mbaya: jenereta ya kisima ikinyamaza, kila mtu huinua kichwa. Huko kilikuwa kimya tu, siku nzima, na hakuna aliyeinua kichwa.

Mama jirani alinipokea kituoni kwa gari lake lililonuka kondoo, harufu ya kwanza niliyoifahamu tangu niondoke. Nyumba ya kaka ilikuwa ya mbao, nyekundu, ndogo, na nyasi zilifika mpaka mlangoni. Hatua chache nyuma yake palikuwa na maporomoko. Maji yalishuka kutoka mlimani, yakapita kando ya nyumba, yakaingia baharini. Maji matamu kabisa, yakimwagika kwenye chumvi.

Kaka alifungua mlango. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini sikuwa nimejiandaa kwa nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote.

"Abaayo," aliniita, dada, kama alivyoniita tangu nikiwa mdogo. "Umekula?"

Nikasema nimekula. Akasema, "Vizuri," akarudi kuketi.

Ndani kulikuwa safi na giza. Dirisha la nyuma, lile linaloelekea maporomoko, alikuwa amelipigilia blanketi kwa misumari. Redio ilikuwa ikiongea Kinorwei kwa sauti ya juu, na haikuzimwa mchana kutwa. Siku ya kwanza nilidhani anapenda habari. Siku ya pili nikapunguza sauti ili tuzungumze, na hapo nikasikia kile alichokuwa akikifunika: maji, bila kukoma, nyuma ya ukuta. Akainuka, akaongeza sauti tena.

"Huwa yanasimama?" nilimuuliza.

"Majira ya baridi huganda. Hapo ninalala."

Nilimpikia. Nilileta viungo vya chai, iliki na mdalasini, na chai ile aliinywa. Nilitandika mswala, nikaswali, nikamwachia nafasi kando yangu. Hakuja. Nilimuuliza kwa nini.

"Nimechoka kuomba mvua mahali penye mvua," alisema.

Jioni moja, wakati jua la huko likiwa bado halijafikiria kuzama, alianza kuongea mwenyewe. Aliongea juu ya ngamia. Si kwa jumla, mmoja mmoja. Yule jike mweupe, alizaliwa mwaka gani, mama yake alikuwa yupi, na huyo mama alinunuliwa kwa nani. Yule mwenye sikio lililochanika, aliyechanwa na fisi karibu na Griftu. Dume mwekundu aliyekuwa akikataa kunywa mpaka wengine wamalize. Alieleza na mahali kila mmoja alipolala, kwa sababu video ile alikuwa ameitazama mpaka akaijua njia nzima: huyu kwenye mgunga wa kwanza, huyu karibu na jiwe, hawa wawili pamoja. Nilikaa nikisikiliza.

"Binamu aliniambia hawana nguvu," alisema mwishoni. "Mimi nilikuwa nimekaa hapa, kwenye kiti hiki, nimeshiba samaki."

"Aboowe, kaka yangu, hata wangekaa wangekufa. Wa wenzetu waliokaa walikufa pia."

"Wangekufa kwenye zizi lao," alisema. "Mama angekuwa amewashika vichwa."

Mama jirani ndiye aliyependekeza tupande mlimani. Kondoo wake walikuwa huko juu kwa majira ya kiangazi, na alitaka tumtazamie. Sikutegemea kaka akubali, lakini aliamka akavaa viatu. Tulipanda kupitia msitu wa miti yenye magome meupe, kisha miti ikaisha, tukatokea kwenye uwanda wa mawe na nyasi fupi, na katikati yake ziwa. Sijui niliandikeje ziwa lile. Lilikuwa dogo, la duara, limetulia hivi kwamba wingu lililokuwa juu na lililokuwa ndani ya maji yalikwenda pamoja. Matunda madogo meusi yaliota chini kwenye nyasi. Hakukuwa na nyumba, wala waya, wala njia. Katika maisha yangu sijaona mahali pazuri zaidi, na sidhani nitapaona.

Kaka alipiga magoti, akanywa kwa viganja. Alikunywa sana. Halafu akasimama, akaweka mkono sikioni, akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kunywesha. Wachungaji wetu huwaimbia ngamia wanaposogea kwenye hori, ili wanywe kwa utulivu na wasikanyagane. Sikuwa nimeusikia tangu utotoni, na sikujua kama sauti yake bado ilikuwa hivyo, nene na ya taratibu. Aliuimba mbele ya ziwa tupu. Mlima ukamrudishia. Na kondoo wa yule mama, waliokuwa wametawanyika mbali, wakaja. Walikuja na kengele zao shingoni, wakasimama ukingoni, wakainamisha vichwa, wakanywa. Kaka akacheka. Nawaambia alicheka, mabega yakamtikisika, na mimi nikalia kwa furaha, kwa sababu nilidhani tumempata.

Njiani wakati wa kushuka alisema, "Nitakwenda na wewe."

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Alikwenda kwa kinyozi. Alimkabidhi mama jirani ufunguo. Nilimpigia mama kupitia simu ya binamu, nikamwambia, "Hooyo, anakuja." Nilisikia tu akirudia rudia kumshukuru Mungu. Mimi mwenyewe niling'oa misumari na kuliondoa blanketi dirishani, na kaka hakunizuia. Mwanga ukaingia, na maji yakaonekana yote, kutoka juu hadi chini. Aliketi akayatazama mchana kutwa. Nililiona hilo kuwa ni kupona. Sasa sijui alikuwa akiona nini.

Siku ya kuondoka mama jirani alitufikisha kituoni, akamkumbatia, akaondoka haraka kwa sababu alikuwa akilia. Tulisimama wawili kando ya maji. Asubuhi ilikuwa nyeupe, haina upepo. Basi likatokea kwenye kona ng'ambo ya pili, tukaliona likizunguka ufuo wote kabla ya kutufikia. Kaka akachukua begi langu akalipakia. Akachukua lake, akalishika, kisha akaliweka chini.

"Panda, aboowe," nilisema nikiwa mlangoni.

"Nikachunge nini?"

"Hutachunga chochote. Utakaa na mama."

"Nitakaa na mama," alirudia. "Ataniletea chai. Atanitazama, na kila akinitazama atawaona. Hatasema kitu. Unamjua, hatasema kitu mpaka afe."

"Amesema uje. Hana haja na ngamia, ana haja na wewe."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana siwezi."

Nilishuka, nikamshika mkono, nikamvuta kama mtoto anavyomvuta mtu mzima. Nilimwambia maneno yote. Nilimtaja baba. Nilimwambia mama amezeeka. Dereva alikuwa amezima injini. Hakupiga honi, wala hakuna abiria aliyenung'unika. Walikaa kimya wakitazama mbele kwa adabu, na laiti mmoja wao angepiga kelele, angetukana, pengine kaka angepanda kwa aibu tu. Hakuna aliyefanya hivyo. Kaka akautoa mkono wake ndani ya wangu taratibu, akarudi nyuma mpaka ukingoni mwa barabara.

"Utachelewa ndege," alisema.

Nilipanda. Basi lilipozunguka ile ghuba nilimwona tena kutoka upande wa pili, amesimama pale pale na begi lake miguuni, na kivuli chake kikiwa ndani ya maji. Kisha kona ikaja.

Kutoka Nairobi nilikwenda moja kwa moja Wajir, na kutoka Wajir hadi Griftu nikapata lifti ya lori la mchuuzi wa mbuzi. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu, bole. Wewe onekana mgonjwa." Nikamwambia ni uchovu wa safari.

Mama alikuwa ameketi nje. Alikuwa ametandika mkeka mpya, na pembeni palikuwa na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Katika mtaa mzima alikuwa amebaki ngamia mmoja tu wa maziwa, wa watu wengine, na mama alikuwa amekwenda kwao akaomba maziwa yale kwa ajili ya mwanawe. Aliniona nikishuka. Akalitazama lori, akangoja mtu wa pili ashuke. Lori likaondoka.

Hakuuliza. Alimimina maziwa akanipa mimi. Niliyanywa yote, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi, na kila nilipomeza nilihisi naiba.

"Ni pazuri huko?" aliuliza.

"Pazuri sana, hooyo."

"Kuna maji?"

"Yapo."

"Mengi?"

Nilisema, "Yanatosha."

Akatikisa kichwa polepole, akaukunja mkeka.

Tangu siku hiyo hakumtaja tena kwa sauti. Hakuugua ugonjwa ambao zahanati ingeupa jina. Alikula kidogo, kisha kidogo zaidi, na alipoulizwa kinamuuma nini alisema hakuna. Na mvua zilipokuja, hatimaye, zilikuja kwa hasira. Mto Tana ulivunja kingo, barabara zikakatika huku na huku, Garissa ikawa kama kisiwa. Katika siku hizo mama alifariki. Binamu alinipigia asubuhi, na kwetu maiti hangoji. Nilikwenda mpaka pale maji yalipoikata lami, nikasimama na watu wengine waliokuwa na safari zao. Mashua za kuvusha zilikuwa zimezuiwa kwa sababu ya mkondo. Mama alizikwa adhuhuri, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya maji, nguo zimelowa mpaka magotini.

Ilibidi kaka aambiwe. Wakati huo alikuwa ameshahamishiwa katika nyumba ya wagonjwa kama yeye, mahali pazuri pia, mama jirani alinihakikishia, penye bustani na wauguzi wapole. Alikwenda kumshikia simu sikioni. Nilimwambia kwa Kisomali, kwa maneno machache, kama inavyotakiwa, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nilisikia pumzi yake. Niliita, "Aboowe." Pumzi iliendelea, haikubadilika. Kisha nikasikia sauti ya mama jirani.

"Amenirudishia simu," alisema. "Samahani sana. Amenirudishia simu."

Siku hizi simpigii yeye. Nampigia yule mama wa kondoo, ambaye naye amezeeka na kondoo amewauza. Ananiambia kama kaka amekula, kama amekubali kutoka hadi bustanini. Mara ya mwisho aliniambia daktari amesema tusitarajie mabadiliko. Nilimshukuru. Kengele ya kipindi ikalia, nikachukua chaki, nikaingia darasani. Wasichana wakasimama kunisalimu, nami nikashindwa kukumbuka ni somo gani nilikuwa nimekuja kufundisha.